Vitabu vya Ngano na Visasili vya Mataifa: Uanze Kununua Kipi?

Kila mwaka ikifika Novemba natenga fedha kidogo kwa ajili ya hadithi za kale. Riwaya nasoma mwaka mzima, lakini Desemba, shule zikishafungwa, huwa ni zamu ya ngano, visasili, mighani na hurafa: zile hadithi ambazo hakuna ajuaye nani alizitunga, za watu wa huku kwetu na za watu ambao nchi zao huenda nisizifikie maisha. Baada ya chakula cha usiku runinga inazimwa, tunakaa mkekani, mmoja anasoma na wengine wanasikiliza. Wanangu wanaungojea msimu huo kama wanavyongojea nguo za sikukuu. Mimi nawazidi.

Katika miaka hiyo nimenunua vizuri na nimenunua vibaya. Jamaa na marafiki huniuliza swali lilelile: "Nataka kitabu cha hadithi za mataifa mbalimbali, nichukue kipi?" Nimeona niandike jibu moja lililotulia. Vitabu nimevipanga kwa namna ambavyo ningevinunua leo kama kabati langu lingekuwa tupu.

Kabla ya kuanza, neno kuhusu namna ya kukagua. Ukishika kitabu cha ngano dukani, acha jalada na picha kwanza. Fungua dibaji, mtafute msimulizi. Hadithi hizi zimetoka mdomoni mwa mtu: bibi fulani wa kijiji fulani, aliyesema lugha fulani, mbele ya watu waliokuwa wakimwitikia. Kitabu kinachokueleza hayo, hata kwa mistari mitatu, kimetengenezwa na mtu aliyeiheshimu hadithi. Kinachoandika "hadithi kutoka Afrika" au "hadithi kutoka Asia" na kuishia hapo kimeokota maneno njiani, na mara nyingi kimeyakata ili yaenee kwenye ukurasa wenye picha kubwa. Baada ya msimulizi, tazama kama lugha ya asili imewekwa, walau nyimbo na viitikio vyake. Kisha tazama maelezo: je, kuna mtu amekufafanulia kwa nini shangazi katika hadithi hii ana nguvu kuliko baba? Kitabu chenye vitu hivyo vitatu hata kikiwa kimechakaa, kinunue.

Cha kwanza: Swahili Tales, Edward Steere

Najua ulitaka hadithi za mataifa, nami naanza na Unguja. Nivumilie kidogo.

Steere, mmisionari Mwingereza aliyekuja kuwa askofu baadaye, alifika Unguja mwaka 1864, na mkusanyo huu ukachapwa London mwaka 1870. Kiswahili kiko upande mmoja, Kiingereza upande unaoelekeana nao, na kwenye dibaji anaeleza alikozipata hadithi hizo. Kiswahili chenyewe ni cha mjini Unguja miaka 60 kabla ya Kamati ya Lugha ya 1930 kuanza kukisanifisha, kwa hiyo ukikisoma kwa sauti utasikia watu wakizungumza. Watoto wanacheka mahali ambapo kitabu cha shule kisingewachekesha.

Chukua kisa cha Sultani Darai. Maskini mmoja, Hamdani, kazi yake ni kuchakura jaani apate chembe za mtama za kutafuna. Siku moja anaokota thumuni, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Watu wanamcheka: mtu asiye na cha kula anafuga! Lakini paa anasema. Paa huyo anatafuta almasi, anampelekea sultani kama zawadi kutoka kwa bwana wake ambaye anadai ni tajiri, anamposea binti wa sultani, anamuua joka la vichwa saba na kumpatia bwana wake nyumba ya joka hilo. Aliyesoma hadithi ya Kifaransa ya paka aliyevaa viatu, iliyochapwa na Charles Perrault mwaka 1697, ataitambua mara moja: maskini, mnyama mwerevu, utajiri wa kusingiziwa, jitu lililouawa kwa ajili ya nyumba yake. Ila kwa Wafaransa paka anaishia kuwa bwana mkubwa, anakimbiza panya kwa kujifurahisha tu. Unguja hawakuiacha hapo. Paa anaugua. Anatuma salamu kwa bwana wake, na bwana, aliyelala kwenye godoro alilotafutiwa na paa, anaagiza apewe uji wa mtama. Mke anashtuka: nyumba hii ina mchele, ina asali, na huyu ndiye aliyetuleta hapa. Bwana hasikii. Paa anakufa. Watu wa mji wanamlilia kama mtu, na haipiti muda Hamdani anazinduka akijikuta jaani, anachakura.

Nilipoisoma mara ya kwanza kwa sauti, binti yangu mdogo aliinuka mkekani akaenda kulala bila kuaga. Kesho yake asubuhi swali lake la kwanza lilikuwa, "Kwa nini uji wa mtama?"

Ndiyo sababu kitabu hiki ni cha kwanza. Unguja ya wakati ule ilikuwa njia panda ya Bara Hindi, Uarabuni, Uajemi na bara letu, na hadithi zilishuka forodhani pamoja na shehena. Ukiwa nacho, kila kitabu cha taifa jingine utakachonunua baadaye utakisoma kama mtu anayekutana na ndugu zake.

Ununuzi wake una mtego. Hakimiliki yake imeisha zamani, na nakala iliyopigwa picha kurasa zote inapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive. Kwa sababu hiyohiyo kuna wachapaji wengi wanaoitoa upya kwa kuipitisha kwenye mashine ya kusoma herufi. Nakala yangu ya kwanza niliagiza kwa muuzaji wa mtandaoni. Ilifika baada ya wiki nyingi na jalada la kung'aa, na ndani Kiswahili kilikuwa kimesomwa na mashine isiyokijua: maneno yamekatwa vipande, na kurasa za lugha mbili zimesukwa pamoja hata sentensi iliyoanza kwa Kiswahili inamalizikia kwenye Kiingereza. Fedha yangu haikurudi. Kwa hiyo, kama unanunua chapa mpya ya kitabu cha zamani, mwambie muuzaji akuonyeshe picha ya ukurasa wa ndani, na uchague zile zilizopigwa picha kutoka chapa ya asili. Au fanya nilivyofanya mara ya pili: pakua faili, lipeleke kwenye duka la steshenari, waprinti pande zote mbili za karatasi na wakubaindie. Nakala hiyo ndiyo tunayosomea mpaka leo, ina madoa ya chai, na haijanikosea hata herufi.

Kama Kiswahili cha karne ya 19 kitawapa tabu watoto, George Bateman alizisimulia upya nyingi kati ya hadithi hizi kwa Kiingereza chepesi katika Zanzibar Tales, kilichotoka Chicago mwaka 1901. Nacho ni cha bure. Humo utamkuta Mwalimu Goso aliyeangukiwa na buyu kichwani, na wanafunzi wake wanaomsaka muuaji: wanaanza na upepo wa kusi, kusi anasema yeye huzuiwa na kiambaza, kiambaza kinasema hutobolewa na panya, panya huliwa na paka, paka hufungwa kwa kamba, kamba hukatwa kwa kisu, na kuendelea hivyo mpaka anapatikana paa aliyeangusha buyu. Hii isome haraka, bila kuvuta pumzi.

Cha pili: Panchatantra, au Kalila na Dimna

Hapa ndipo safari inapoanza. Ndani ya Steere kuna kisa cha Kima na Papa. Kima anakaa kwenye mkuyu ulioota ukingoni mwa bahari, papa anakuja chini ya matawi, kima anamrushia matunda, wanakuwa marafiki. Siku moja papa anamwalika kwao. Wakiwa katikati ya maji anamfichulia: sultani wetu hawezi, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu kwa utulivu kwamba ungesema mapema, maana sisi kima tukitembea mioyo yetu huiacha mtini, turudi nikauchukue. Papa anageuka. Kima akishapanda mti, anakaa kimya. Papa anaita, anaita. Mwishowe kima anamuuliza: unanifanya punda wa dobi?

Na hapo anamsimulia: simba mgonjwa, sungura aliyetumwa kumleta punda, punda aliyejeruhiwa akakimbia, kisha akabembelezwa akarudi mara ya pili na kuuawa. Sungura anaula moyo na masikio kwa siri. Simba akiviulizia, anajibiwa kwamba punda huyu hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, angerudi?

Miaka kadhaa niliamini hii ni hadithi yetu peke yetu, mpaka nilipofungua Panchatantra, kitabu cha kale cha Kisanskriti, nikafika sehemu ya nne. Kima yuleyule. Papa ni mamba. Punda yuleyule, naye ni wa dobi! Hata neno dobi lenyewe ni la Kihindi, limekuja kwetu kwa maji kama hadithi. Aliyebadilika ni mlaghai: kule ni mbweha, huku pwani kazi hiyo kapewa sungura, kama tulivyozoea. Na katika masimulizi ya Kibuddha yanayoitwa Jataka, kima anamwonyesha mamba mti uliojaa matunda na kumwambia, ile pale, mioyo yetu inaning'inia. Mti wenyewe ni wa jamii ya mkuyu. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini nikatoka nje kutembea kidogo, kwa furaha.

Njia iliyopitwa inajulikana sehemu kubwa: Panchatantra iligeuzwa Kipahlavi, Kiajemi cha kale, karne ya 6 na tabibu Burzoe, kisha karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akaigeuza Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna, nayo ikaenea ulimwengu mzima wa Kiislamu na Ulaya. Majahazi ya kaskazi yanaelekea yalimaliza yaliyobaki.

Nunua tafsiri ya Kiingereza ya Patrick Olivelle, iliyotolewa na Oxford mwaka 1997. Ni kitabu kidogo cha jalada laini, chepesi kubeba, chenye dibaji inayoeleza vizuri jinsi hadithi zinavyofungwa ndani ya hadithi. Chandra Rajan naye ana tafsiri yake kwa Penguin, iliyofuata matini refu zaidi. Ukiipata hiyo kwanza, usiiache. Ukiwa unasoma Kiarabu na una mtu Muscat au Dubai, mwambie akuletee Kalila wa Dimna ya Kiarabu. Ni kitabu cha kila duka kule.

Kwa watoto chini ya miaka 10 kinahitaji msomaji wa kuchambua, kwa kuwa hadithi inakatishwa katikati ili iingie nyingine. Wakubwa watakipenda kwa sababu hiyohiyo.

Cha tatu: Alfu Lela Ulela

Hiki karibu kila mtu anadhani anacho. Angalia vizuri. Nakala nyingi zinazouzwa kwa jina hili ni Aladini, Ali Baba na Sindbadi pekee, vimefupishwa, vimewekewa picha. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Aladini na Ali Baba hawamo katika nakala za mkono za kale za Kiarabu. Antoine Galland, Mfaransa aliyechapisha tafsiri yake kati ya 1704 na 1717, alizisikia Paris mwaka 1709 kutoka kwa kijana wa Aleppo aliyeitwa Hanna Diyab. Kijana huyo hakuandikwa jina kwenye jalada. Kwa hiyo hata katika kitabu hiki maarufu kuliko vyote kuna msimulizi aliyesahauliwa, na nikisoma Aladini kwa wanangu huwa nalitaja jina la Hanna kwanza.

Kwa mtu mzima, chukua tafsiri ya Kiingereza ya Husain Haddawy ya 1990. Yeye alifuata matini iliyohaririwa na Muhsin Mahdi mwaka 1984 kutoka nakala kongwe ya Syria. Hutakutana na Aladini humo, lakini utakutana na mchuuzi na jini, mvuvi na jini, mchukuzi na mabinti watatu wa Baghdad, na lugha isiyopambwa kupita kiasi. Isome mwenyewe kwanza. Ina mambo ya chumbani ambayo si ya mkekani na watoto.

Kwa Kiswahili tuna bahati. Edwin Brenn na Frederick Johnson walitoa Mazungumzo ya Alfu Lela Ulela mwishoni mwa miaka ya 1920, na vizazi vizima vya wasomaji vilikua navyo. Baadaye Hassan Adam alileta tafsiri yake kupitia Mkuki na Nyota. Vijitabu vya zamani hujitokeza kwenye meza za vitabu vya mtumba. Mimi kimoja nilikipata kwa bei ya sahani ya chipsi mayai, hakina jalada, lakini kurasa zote zimo. Hesabu kurasa kabla ya kulipa.

Ukiwa hapohapo mezani, ulizia Hekaya za Abunuwasi. Abu Nuwas alikuwa mshairi halisi wa Baghdad enzi za Harun al-Rashid. Kufika pwani yetu akawa mjanja wa mtaani anayemzidi sultani akili. Si kitabu cha gharama, na hakuna nyumba ya Waswahili ambako hakitasomwa.

Cha nne: The Mwindo Epic

Hiki ni cha wale wanaotaka kisasili kizito, na nakipenda kuliko nafasi niliyokipa. Kimeshuka nafasi moja au mbili kwa sababu mbili tu: kukipata ni kazi, na maelezo yake ya chini ya kurasa ni mengi kiasi cha kumtisha anayeanza.

Ni utendi wa Wanyanga wa Kivu, mashariki mwa Kongo. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck alikaa na msimulizi Candi Rureke, ambaye kwa siku 12 alisimulia, aliimba na kucheza mpaka sauti na miguu vikamchoka. Biebuyck na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969. Jina la Rureke limo, jina la kijiji limo, hata jinsi wasikilizaji walivyokuwa wakiitikia imeelezwa.

Mtemi wa Tubondo anaamuru wake zake wazae mabinti tu. Mke anayependwa anachelewa kujifungua, na mtoto aliye tumboni anaamua mwenyewe atatokea wapi. Anazaliwa mvulana, anatembea papo hapo, anasema, na mkononi ameshika usinga wake. Baba anamtupia mikuki, inamkosa. Anamzika, anafukuka. Anamfungia ndani ya ngoma na kumtosa mtoni, na ngoma inaelea huku mtoto anaimba kwamba anakwenda kwa shangazi yake Iyangura. Huyo ndiye Mwindo. Mtemi anaitwa Shemwindo, yaani baba Mwindo, na mama Nyamwindo, yaani mama Mwindo, na msomaji wa Goma au Bukavu hahitaji kuelezwa majina hayo yamejengwaje.

Nunua nakala iliyotumika, ya chuo ikiwezekana, na umwombe ndugu aliyeko Ulaya au Marekani akuletee kwenye begi. Gharama ya kutumiwa kwa posta mara nyingi inazidi ya kitabu. Ukikipata, usianze na utangulizi. Ruka, nenda moja kwa moja kwenye "Paliondokea mtemi", soma mpaka mwisho, kisha urudi kwenye maelezo.

Kama una asili ya Tanga kama mimi, pembeni yake weka Habari za Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara, za Abdallah bin Hemedi, aliyeishi Usambara na kuwatumikia watemi wenyewe. Zilichapwa kwanza na wamisionari wa Magila, zikatolewa tena mwaka 1962. Bibi yangu wa Lushoto alitusimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyeota meno ya juu kwanza akaitwa kigego, akafukuzwa kwao Ungulu, akaja na mbwa wake na nyama ya nguruwe mpaka watu wa Usambara wakamtawaza Vuga. Nilikuwa na miaka 31 nilipoikuta kwenye karatasi, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Chapa ya 1962 ni adimu. Ukiiona, lipa wanachotaka. Alice Werner alifupisha kisa hicho, pamoja na cha Liongo Fumo, katika Myths and Legends of the Bantu cha 1933, ambacho kinasomeka bure mtandaoni na ni mlango mzuri kwa anayetaka kitabu kimoja cha ukanda wote wa Kibantu.

Cha tano: hadithi za ndugu Grimm, lakini chapa ya kwanza

Jacob na Wilhelm Grimm walitoa juzuu la kwanza mwaka 1812 na la pili 1815. Wakaendelea kusahihisha mpaka chapa ya saba ya 1857, nayo ndiyo iliyotafsiriwa kila mahali. Katika kusahihisha, mengi yalilainishwa. Kwenye Hansel na Gretel ya 1812 anayeshauri watoto wakaachwe msituni ni mama yao mzazi. Baadaye akageuzwa mama wa kambo. Kwa mtu aliyekulia kwenye ngano zetu, ambamo mama wa kambo hubebeshwa kila ubaya, jambo hilo linatia fikra.

Tafsiri ya kununua ni ya Jack Zipes ya 2014, hadithi 156 za juzuu zote mbili. Ni fupi, kavu, zinasikika kama mtu anayesimulia jikoni. Zipes pia anakupa habari za wasimulizi, mmojawapo Dorothea Viehmann, mke wa fundi cherehani aliyekuwa akiuza mazao sokoni Kassel. Jalada gumu ni ghali. Tafuta jalada laini.

Vinavyofuata, kwa haraka

Wagiriki: Odyssey katika tafsiri ya Emily Wilson ya 2017. Mistari mifupi, inasomeka kwa sauti, na mtu aliyezoea tenzi atajiona yuko nyumbani. Gilgamesh, utendi wa kale wa Mesopotamia, katika tafsiri ya Andrew George ya 1999, ina uzuri wa vipande vilivyovunjika: pale kibao cha udongo kilipomeguka, naye anaacha pengo. Wanaskandinavia wana Edda ya Snorri Sturluson, iliyoandikwa Iceland karne ya 13, niliiheshimu, haikunishika. Sundiata ya Djibril Tamsir Niane, 1960, utendi wa mwanzilishi wa dola ya Mali, kutoka kwa manju Mamoudou Kouyaté wa Guinea, ni nyembamba, inamalizika kwa jioni tatu, na kijana wa sekondari ataikumbatia.

Kwa watoto wadogo, usinunue kwanza

Mwenye watoto wa miaka minne hadi minane aanze na African Storybook, mradi wa Afrika Kusini ulioanza kuweka hadithi mtandaoni mwaka 2014. Ziko za Kiswahili nyingi, ni za bure, na unaruhusiwa kuziprinti na kuzitafsiri. StoryWeaver ya Pratham Books, India, nayo ina za Kiswahili. Printi tano, zibaindi, uone mtoto anavutwa na zipi, ndipo utoe fedha dukani. Ubora wa lugha unapishana, kwa hiyo zipitie kabla hujamkabidhi mtoto.

Ambacho singenunua

Ni kile kitabu kikubwa chenye "hadithi 100 za dunia nzima", karatasi ya kung'aa, picha kila ukurasa. Nilikinunua mwaka mmoja kwa fedha nyingi kuliko vyote nilivyovitaja. Afrika ilikuwa na kurasa sita. Hadithi moja iliandikwa tu "Afrika Mashariki", na sungura wake alikuwa na jina ambalo sijalisikia katika lugha yoyote ya huku. Hakuna Rureke humo, hakuna Dorothea, hakuna Hanna. Watoto walitazama picha kwa siku mbili wakakirudisha kabatini, na hakuna aliyewahi kukiulizia tena.

Ninachongoja mwaka huu

Nimeagiza Akan-Ashanti Folk-Tales cha R. S. Rattray, Oxford, 1930. Kina Kitwi, lugha ya Waashanti, upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, kama Steere, na michoro ni ya Waafrika wa Gold Coast yenyewe, Ghana ya leo. Humo yumo Anansi, buibui aliyekwenda kwa Nyame, mungu wa juu, kununua hadithi zote za dunia, akalipa kwa chatu, mavu na chui aliowanasa kwa hila. Ndiye huyohuyo aliyevuka bahari na watu waliouzwa utumwani akaendelea kusimuliwa Jamaica.

Kilichonifanya nikiagize ni kianzio. Msimulizi wa Kiashanti hufungua kwa kutangaza kwamba hatumaanishi, kwa kweli hatumaanishi, kwamba tutakayosema ni kweli. Sisi tunasema: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Na akimaliza, anawaambia wasikilizaji kwamba hadithi yangu hii, iwe tamu, isiwe tamu, chukueni sehemu mwende nayo, na sehemu inirudie.

Kifurushi kinakuja na shemeji yangu, anatua tarehe 12. Mwanangu wa kiume ameshaanza kufanya mazoezi ya kuitikia, na amekataa kunionyesha anaitikiaje mpaka siku yenyewe.